Mtu Aliyechemshia Samaki Maji

Sanduku la kioo lilikaribia kumwua mume wangu. Kabla ya hapo lilikuwa limemfanya kichekesho kwa miaka minne, na nitaanza na kichekesho, kwa kuwa ndicho nilichokisimulia maisha yangu yote.

Sanduku tulilirithi pamoja na nyumba. Uhuru ulipokuja, mzungu aliyekuwa mkubwa wa biro, yaani ofisi ya serikali, pale Uvira alikimbilia Usumbura na mbwa wake na nguo zake, na mume wangu, aliyekuwa karani wake, akapata kiti chake, mhuri wake na nyumba yake ya kando ya ziwa. Wenzake wengine walirithi magari. Sisi tulirithi samaki saba.

Lilikuwa sanduku la urefu wa mkeka wa mtoto, lenye mbavu za chuma, na vioo vilivyoshikwa na mastiki kama vya dirishani. Juu lilikuwa na kifuniko chenye taa. Pembeni kulikuwa na pampu ndogo ya umeme iliyonguruma mchana kutwa na kusukuma hewa majini kwa mpira mwembamba. Ndani yule mzungu alikuwa ametengeneza bahari. Alimwaga mchanga mweupe kama chumvi, akapanga mawe meupe ya baharini yenye matundu, aliyoyaagiza kutoka mbali, akaweka kombe kubwa na kijumba cha plasta chenye minara. Kisha akaenda hatua thelathini kutoka mlangoni kwake, akavua samaki wa ziwa letu la Tanganyika, akawatia katika bahari yake ya uongo na kukaa kuwatazama. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akitupa sisi maksi za ustaarabu.

Mimi ni binti wa mvuvi. Wale samaki niliwajua tangu nikitambaa. Ni samaki wadogo wa mawe, wenye mistari, miiba mingi na nyama isiyojaza kijiko. Kwetu mtoto akimvua mmoja, anaambiwa amrudishe asitie nyumba aibu. Sasa nilikuwa naishi nao sebuleni, wamewashiwa taa, na mimi jikoni nilikuwa na kibatari.

Mume wangu alizaliwa milimani, upande wa Bijombo, kwenye ng'ombe. Ziwa alilijua mpaka magotini, na hapo pia alikuwa anashika mkono wangu. Lakini alikuwa evolue, yaani mweusi aliyepewa karatasi na wazungu kwamba amestaarabika, baada ya watu kuja kukagua shuka zetu na kuhesabu uma. Alikula mihogo amevaa tai. Katika masomo ya usafi alikuwa amefundishwa kwamba maji ya mtu mstaarabu huchemshwa na kuchujwa, na hakuna aliyemwambia kwamba samaki hakusoma masomo hayo.

Maji ya sanduku yalipogeuka kijani, aliniamuru nichemshe mengine. Nilichemsha siku tatu, kwa masufuria makubwa, kwa makaa yangu. Tukayapoza, tukayachuja kwa kitambaa cheupe, akayamimina mwenyewe huku amekunja mikono ya shati. Kufika saa sita samaki wote walikuwa juu, midomo wazi. Kufika saa nane walikuwa wamelala ubavu.

"Lakini maji iko safi kabisa," alisema.

"Papa," nikamwambia, "samaki anapikwa na maji. Hapikiwi maji."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Keshoye nilisimulia sokoni, na kabla ya jua kutua wanawake wote wa mtaa wetu wa Nyamianda walikuwa wanajua kwamba mkubwa mpya wa biro amechemshia samaki maji ya kunywa. Ikawa jina lake, likamganda.

Ningelitupa sanduku siku ile ile, lakini alinifuata jikoni, mahali ambapo hakuwa anaingia, akasimama kando ya masufuria. "Mama, unisaidie," alisema. "Bazungu bakirudi kutembea, bakute sanduku tupu, batasema: angalia, mweusi ameshindwa hata kuchunga samaki." Sikumwonea huruma. Niliwakasirikia hao wageni, na hasira hiyo ndiyo iliyonisukuma. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Kwanza niliondoa bahari. Kijumba cha plasta nilikitupa nyuma ya nyumba. Yale mawe meupe ya mbali niliyagawa kwa jirani, na mpaka leo sijaona jiwe zuri kama lile la kusugulia visigino. Nikaenda Kalundu kwa miguu, nikarudi na mawe yetu meusi kichwani, safari tano, na ya mwisho nikaja na samaki wapya ndooni.

Mume wangu alitaka kuyapanga mwenyewe, kwa macho. Aliyaweka juu ya mchanga, marefu mbele na mafupi nyuma, kama wanafunzi wa kupigwa picha. Samaki wa mawe kazi yake ni kuchimba. Alichimba, jiwe likaanguka, kioo kikapasuka kona, na maji yakashuka kwenye barua zake za serikali. Nilimwuliza kama kwao milimani mafiga yanawekwa juu ya unga. Tulipotia kioo kipya na mastiki mpya, mawe niliyapanga mimi. Makubwa niliyalaza juu ya kioo chenyewe cha chini, nikayabananisha yasitikisike, nikaacha matundu, ndipo nikamwaga mchanga katikati. Na sikujenga chungu moja ya mawe. Nilijenga mbili, na uwanja kati yake, maana dume mmoja wa samaki hawa akipata chungu moja, wengine atawafukuza mpaka wafie pembeni. Ni kama wake wenza, kila mmoja apate jiko lake.

Maji nilichota ziwani, na sikuyabadilisha yote kwa mara moja, ndoo mbili tu kila juma. Kopo la maziwa nililitoboa, nikatia pamba na makaa yaliyooshwa, nikaupitisha mpira wa hewa humo, maji yakawa yanajisafisha yenyewe. Samaki wapya wakaacha kujificha. Mmoja akataga ndani ya tundu, kisha vikatoka vitoto vyembamba kama kope za jicho, na mama yao akifukuza hata kivuli changu. Nilifurahi. Nasema wazi, ingawa ni aibu kwa binti wa mvuvi. Nilikuwa naacha mboga motoni kwenda kuwahesabu.

Wageni walipokuja, mume wangu alisimama mbele ya kioo na mikono nyuma. "Ni kazi yangu yote," aliwaambia. Nilipofungua mdomo kueleza jinsi mawe yanavyokaa, alinikatisha kwa tabasamu: "Mwanamke hajui kitu, anawapa chakula tu." Kwa maneno hayo nilimdharau kuliko kwa maji yale ya moto. Nilimdharau mezani, nilimdharau kanisani, nilipiga pasi mashati yake nikimdharau.

Kisha ukaja uasi. Mapigano yalianza bondeni, tukasikia huko Bwegera watu wameacha mpunga shambani na kukimbia, na umeme ukakatika. Pampu ilinyamaza. Samaki wakapanda juu, midomo wazi, kama siku ile. Nikachukua mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nikaujaza kwa pampu ya baiskeli, nikaunganisha na ule mpira mwembamba na kuubana kwa uzi, mpaka hewa ikatoka tone moja moja. Asubuhi na mchana nilikuwa napampu, jasho linanitoka. Waya wa pampu ya zamani niliuacha unaning'inia ukutani.

Mume wangu alisikia habari za makarani. Waasi walikuwa wanawatafuta wenye tai na kalamu, kwamba hao ndio wazungu waliobaki. Akachoma tai zake. Akachimbia ile karatasi yake ya ustaarabu. Halafu akaja mbele ya sanduku, akasema polepole: "Mama, na hii tuimwage. Inaleta macho."

Vitoto vya uzao mpya vilikuwa na siku kumi. Nikamwambia, "Unaogopa mpaka samaki?"

Hakumwaga.

Walikuja asubuhi, saa nne, vijana watano wenye majani kichwani na mkubwa wao mwenye bunduki. Hawakugusa viti wala sahani. Walisimama mbele ya sanduku. Mmoja alifuata kwa kidole waya wa ukutani, akafuata mpira mwembamba, akafika kwenye mpira wa lori chini ya meza.

"Hii iko fonii," alisema. Fonii ndio mtambo ambao wazungu walitumia kusemezana kwa mbali. "Angalia, inapita ndani ya maji. Anasema na bazungu ba ng'ambo kupitia chini ya ziwa."

Mume wangu walikuwa wameshamtoa nje, uani, na kumpigisha magoti. Mkubwa wao akauliza, "Nani alifunga hii mupira?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilifungua mdomo. Yeye akawahi.

"Ni minye," alisema. "Ni kazi yangu yote. Mwanamuke hajui kitu."

Ni maneno yale yale, na hata sauti ilikuwa ile ya kuwaambia wageni. Mkubwa akavuta kitu kwenye bunduki, kikalia. Na mimi nikaanza kucheka. Sikupanga. Kicheko nilikuwa nacho tayari, kimezoea njia.

"Weye mama, unacheka nini?"

"Munaniuliza ninacheka nini? Huyu muntu alichemushia samaki maji! Siku tatu! Akachuja na kitambaa, akaweka samaki mule, zote zikakufa. Muulize Nyamianda yote. Sasa anapampia samaki hewa na mupira ya lori. Muntu kama huyu ndiye anaweza kutengeneza fonii? Hata kufunga kamba ya viatu iko anashindwa!"

Nikasema na mengine. Nikasimulia mafiga juu ya unga, na tai juu ya mihogo, na jinsi anavyoshika mkono wangu ziwani. Kijana mmoja, ambaye kwa mikono yake niliona ni mvuvi, alichungulia sanduku tena, akapiga paja. "Kweli ni samaki za mawe! Hizi hata mbwa haikule." Wakacheka wote. Mkubwa wao alicheka mwisho, akashusha bunduki.

"Kama iko samaki tu," alisema, "akule."

Niliwavua kwa kawa. Niliwakaanga uani kwa mawese, wakubwa, na vitoto vyao ambavyo vilibaki ganda jeusi kwenye sufuria. Mume wangu aliwala hapo hapo kwa magoti, mmoja baada ya mwingine, na miiba yao. Mimi ndiye niliyeshika sahani. Aliinua macho mara moja tu, akanitazama, na hakukuwa na hasira ndani yake. Mpaka leo ningependa ingekuwepo. Waasi walichukua mpira wa lori wakaenda zao.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo na akafa kitandani kwake, mzee. Samaki hakula tena, hata dagaa, katika mji ambao hauna kitoweo kingine. Jina lake halikumtoka. Siku ya maziko yake watu waliokaa matangani walisimulia habari ya maji yaliyochemshwa na mpira wa lori, wakafuta machozi ya kicheko, na mimi, mjane, niliwasahihisha walipokosea mahali pa kuchekesha. Mdharau mwiba, wanasema, mguu huota tende.

Yeye hakumwambia mtu yeyote. Hakuniambia hata mimi. Basi niandike mwenyewe, kwa kuwa waliobaki wote wanaijua hadithi ile nyingine: mpira ule niliufunga mimi.