Siku ya Ishirini na Tatu

Miaka ile umeme wa Musoma haukuwahi kukaa siku kumi bila kukatika, na kwa sababu hiyo programu yangu ilionekana nzuri kwa miaka miwili.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda cha minofu ya sangara, kando ya ziwa. Kusema fundi wa kompyuta ni kujipamba. Kiwanda kilikuwa na kompyuta mbili: moja ya ofisini ya kuandikia barua, na nyingine kwenye kibanda nje ya chumba cha baridi, imeunganishwa kwa nyaya na vipimajoto vilivyokuwa ndani. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa yangu. Kadi ya vipimajoto ilikuwa imekuja na programu ya mashine za aina nyingine, haikuelewana na ya kwetu, na aliyeiuza alikuwa ng'ambo. Meneja akaniuliza kama naweza kuandika nyingine. Nikasema naweza. Wakati ule ukisema huwezi, kazi anapewa anayesema anaweza.

Programu ya namna hiyo tuliiita draiva. Kazi yake ni ya utarishi: inakaa kati ya mfumo wa kompyuta na kifaa, inakwenda kukiuliza kifaa joto ni nyuzi ngapi, inarudi na jibu. Yangu ilihesabu dakika tangu mashine iwashwe. Hesabu ikipanda kwa moja, ilikwenda kusoma vipimajoto na kuandika nyuzi kwenye skrini. Joto likizidi, honi ililia. Hakukuwa na maajabu mengine humo ndani.

Nilijifunza programu kwenye karatasi. Chuoni tulikuwa wengi na mashine moja, kwa hiyo tuliandika kwa penseli, mwalimu akasahihisha kwa wino mwekundu, na zamu yako ya kugusa mashine ilipofika ulikuwa umeshazoea kubana kila kitu. Na kabla ya chuo nilikuwa binti wa miaka ya foleni. Mama yangu alikata mche wa sabuni kwa uzi, vipande vilivyolingana, na ole wako uache kipande ndani ya maji. Mtu aliyelelewa hivyo hachukui nafasi kubwa pale ambapo ndogo inatosha. Hesabu ya dakika niliipa biti kumi na sita tu za kumbukumbu ya mashine. Nafasi hiyo inabeba namba mpaka 32,767. Ukiongeza moja, haisongi mbele. Inafanya kama mita ya gari kuukuu iliyofika mwisho, ila yenyewe haianzi tena kwenye sifuri, inaanzia 32,768 chini ya sifuri. Draiva ikiona hesabu ya sasa ni ndogo kuliko ya mwisho, inadhani dakika bado haijafika. Inasubiri. Skrini inabaki na namba ya mwisho iliyosomwa.

Nilijua. Hilo ndilo nisilopenda kulisema. Nilipiga hesabu pembeni mwa daftari langu: dakika 32,767 ni siku ishirini na mbili, saa kumi na nane na dakika saba. Nikacheka peke yangu. Umeme gani wa Musoma huo wa kukaa siku ishirini na mbili? Mashine itazimika mara tano kabla ya hapo, na kila ikizimika hesabu inarudi sifuri. Nikafunga daftari.

Kisha mambo yakafunguka. Sokoni kulijaa mitumba na sabuni za kila rangi, minofu yetu ikaanza kupanda ndege, nasi wa kiwandani tukaendelea kula mapanki, mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Wanunuzi wa nje walikuja kukagua na kusema bila umeme wa uhakika hawachukui hata boksi moja. Jenereta likaja kwa lori kupitia Bunda, kubwa kama kibanda cha duka, pamoja na sanduku la betri la kuishikilia kompyuta pale umeme unapobadilishana. Siku lilipowashwa, kiwanda kizima kilipiga vigelegele. Na mimi nilipiga. Daftari langu sikulikumbuka hata kidogo.

Mhudumu wa chumba cha baridi, zamu ya mchana, alikuwa baba yangu mdogo. Yeye ndiye aliyenisemea kwa meneja nikapata kazi ile. Kwao, yaani kwetu, ni Kiriba, lakini siku za kazi alipanga chumba Kigera, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kazi yake ilikuwa kuitazama skrini kila saa na kuandika nyuzi kwenye daftari la zamu. Mlango wa chumba haukufunguliwa ovyo, baridi isitoroke. Aliandika kwa mwandiko wa darasa la nne, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama.

Jioni moja, wapakiaji walifungua mlango kutoa maboksi, maji yakawamwagikia miguuni. Mkanda wa kompresa, mashine inayotengeneza baridi, ulikuwa umekatika, labda tangu asubuhi. Zamani kompresa ikinyamaza hata wapaa samaki wangejua, lakini sasa jenereta lilikuwa likinguruma nyuma ya ukuta uleule na hakuna aliyesikia. Wakaniita. Nilifika nikikimbia, na kabla sijatazama chochote nikafanya tulichokuwa tukifanya kwa kila mashine na kila tatizo: nikaizima, nikaiwasha. Skrini ikaonyesha nyuzi nne juu ya sifuri. Honi ikalia.

Ndipo meneja alipofungua daftari la zamu. Baba mdogo alikuwa ameandika ishirini chini ya sifuri, mara kumi na moja, namba ileile, utadhani zote zimeandikwa kwa mkupuo.

Asubuhi yake tulikaa ofisini, meneja, baba mdogo na mimi. Meneja hakuwa mkali. Aliuliza taratibu kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

"Mzee, ulilala?"

"Sikulala. Niliangalia kila saa. Ilikuwa mainasi ishirini."

"Mara kumi na moja?"

"Ndivyo ilikuwaga inaonyesha. Mimi naandikaga ile naona."

Meneja akanigeukia. "Wewe ndiye mtaalamu. Hii mashine inaweza kudanganya?"

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na hakuna mtu aliyewahi kuniita mtaalamu mbele ya watu. Nikasema, "Mashine haidanganyi."

Baba mdogo alinitazama. Hakukasirika. Aliitazama mikono yake, kisha akasema, "Kama mtoto wetu anasema mashine haidanganyi, basi itakuwa nililala. Labda hata hiyo mainasi ishirini niliiota."

Alisimama getini wakati wapaa samaki wanaingia, akawaambia mmoja mmoja, "Nisameheni, nililala." Baadhi yao walicheka wakampa mkono. Akafunga mzigo wake, akarudi Kiriba. Niliona aibu, lakini ilikuwa aibu kwa ajili yake, si yangu, na hilo nalo nalikumbuka.

Siku ishirini na tatu baadaye ilikuwa siku ya kusafisha chumba cha baridi. Walizima kompresa saa saba, wakafungua mlango wazi, na ilipofika saa nane kulikuwa na watu wamo ndani na mifagio, wamevua mashati, wanatoka jasho. Nilikuwa napita. Nikatazama skrini ya kibandani. Ishirini chini ya sifuri. Honi kimya.

Nilikaa kwenye kiti cha baba mdogo. Nikahesabu kwa vidole tangu jioni ile nilipoizima na kuiwasha, na sikuhitaji kumaliza. Nilikwenda nyumbani nikaleta daftari langu, nikaikuta ile hesabu pembeni mwa ukurasa, na chini yake nilikuwa nimechora kichwa cha mtu anayecheka. Nilitegemea nitasikia kitu moyoni. Sikusikia kitu. Mikono ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, hata chai nilikunywa.

Kurekebisha kulichukua chini ya saa moja. Kwanza niliijaribu ile ya zamani: nikaianzishia hesabu kwenye 32,760, nikachomoa kipimajoto kimoja na kukilaza mezani, nikangoja. Ilipovuka 32,767 skrini iliganda. Nikatumbukiza kipimajoto ndani ya kikombe cha chai. Skrini haikujali. Kisha nikabadilisha neno moja juu kabisa ya programu, hesabu ikapata biti thelathini na mbili, nikabadilisha na pale panapolinganisha, nikarudia. 32,767. 32,768. 32,769. Chai ikasomwa, honi ikalia mpaka wasafishaji wakachungulia. Nafasi hiyo mpya ingetosha zaidi ya miaka elfu nne. Iliongeza baiti mbili tu.

Nilimweleza meneja. Alisikiliza akiwa amesimama, ufunguo wa gari mkononi.

"Imepona?"

"Imepona."

"Basi usiitangaze. Wanunuzi wakisikia mashine zetu zinasoma uongo, tumekwisha."

"Na mzee?"

"Mzee alikiri mwenyewe. Nafasi yake ina mtu." Akafikiri. "Bunda kuna kiwanda cha pamba wanatafuta mtu wa mashine yao ya mzani. Nenda kawasaidie."

Nikaenda. Ningeweza kusema nililazimishwa, lakini mtu anayelazimishwa huwa anabisha kidogo. Nilikaa Bunda wiki sita, nikala, nikalala, nikatafuta kwenye programu za watu wengine hesabu zilizopewa nafasi ndogo, nikazipata mbili. Walinisifu. Nilipokuwa narudi nilishuka Kiabakari nikaenda Butiama kumwona mama, aliyekuwa akiishi kwa dada yangu aliyeolewa huko. Mama alinipakulia, akanipa habari za ukoo moja baada ya nyingine, nani kazaa, ng'ombe wa nani wameibwa.

"Na baba yako mdogo hakaagi chini siku hizi," akasema. "Mchana kutwa amesimama. Sijui ni ugonjwa gani huo."

Nikamwambia mchuzi ni mzuri. Nilikuwa nimeshika kijiko na nilijua kabisa ni ugonjwa gani. Nilimaliza chakula, nikanawa, nikarudi Musoma, na zikapita wiki nyingine nyingi. Sina maelezo ya wiki hizo. Nilikwenda kazini. Kila asubuhi nilijiambia Jumamosi, na Jumamosi nilifua nguo.

Kutoka siku niliyoirekebisha draiva mpaka siku niliyopanda pikapu ya Kiriba ilikuwa miezi minne.

Nilimkuta uani, anashona wavu. Alikuwa ameufunga kwenye tawi la mjohoro, juu, usawa wa kifua, ili aushone akiwa amesimama. Kigoda kilikuwa hapo hapo karibu na miguu yake. Mama mdogo alikuwa anaanika udaga wa muhogo juu ya mwamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Za mjini?"

"Nzuri."

"Mwambie akae," mama mdogo akasema bila kugeuka. "Mimi amenishinda. Hata kula anakulaga amesimama. Kanisani anasimamaga mlangoni kama askari."

Baba mdogo akacheka kidogo. "Nikikaa mchana usingizi unanichukuaga," akaniambia. "Si unajua mambo yangu." Alisema kwa upole, kama mtu anayeutaja ugonjwa uliokwisha kuzoeleka nyumbani. Miguu yake ilikuwa imevimba juu ya kandambili.

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kueleza biti na baiti, lakini nilichosema ni kwamba mashine ilikuwa inahesabu dakika, na mimi niliipa mahali padogo pa kuhesabia, na siku ya ishirini na tatu pakajaa, ikaganda. Kwamba siku zote umeme ulikuwa unakatika kabla hapajajaa. Kwamba nilijua, na nilidhani umeme hautadumu. Kwamba jioni ile niliizima na kuiwasha, nikafuta alichokuwa anakiona.

Sindano ya wavu ilisimama hewani.

"Hiyo mainasi ishirini ilikuwa pale kweli?"

"Ilikuwa pale."

"Saa zote?"

"Zote kumi na moja."

"Kwa hiyo nilikuwa naiona."

"Ulikuwa unaiona, baba."

Alimtazama mkewe. Mama mdogo alikuwa ameacha udaga, mikono yake myeupe kwa unga. "Sikulala," akamwambia. Alilisema kwa sauti ya chini, kisha akalirudia kwa lugha yetu ya nyumbani, na mama mdogo akaitikia kwa lugha hiyohiyo kwamba amesikia.

Baba mdogo akaiweka sindano kwenye mfuko wa shati. Akakivuta kigoda kwa mguu, akashika goti kwa mkono mmoja, akakaa. Alikaa vizuri, mgongo ukiegemea mti, miguu ameinyoosha mbele. Akafumba macho, akayafumbua.

"Hiyo kitu umejua lini?"

"Miezi minne sasa."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anatazama ziwa, wala si mimi. Kiti cha mgeni kilikuwa pale ukutani na kila mtu Kiriba hukaribishwa kiti, hata mdai. Hakunikaribisha, na mimi sikukaa.