Nyama niliyoikuta kwenye kanga ya mama mkwe

Leo nimemshindisha mama mkwe na njaa, tena huku natabasamu.

Kaja asubuhi kutoka Endasak kututembelea hapa Katesh. Nikampa shikamoo, nikamkalisha, nikawasha grili yetu mpya ya umeme, ile inayobana nyama juu na chini.

Dakika chache nyama ikaiva. Watoto wakagombania. Mimi nikapiga picha.

"Mama, nyama ikoje?"

"Tamu sana, mwanangu."

Sahani yake ikawa nyeupe. Nilijisifu, siwafichi.

Alipotoka kwenda chooni, nikachukua kanga yake kwenye kochi niikunje. Vipande vya nyama vikaanguka. Vyote. Alivijaribu, vikamshinda.

Jamani, mama hana magego. Nalijua hilo tangu naolewa, na nilisahau kabisa.

Aliporudi nikapiga magoti. "Mama, nisamehe. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona umefurahi na mashine yako. Nikasema nisikuharibie."

Ingekuwa ni nyie, mngemtazamaje?

Sasa hivi nachemsha supu. Yeye amekataa kupumzika, amekaa hapa pembeni yangu ananimenyea viazi.