Unga wa Saa Sita
Walimwita Mama Mashine, na jina likamkaa. Mashine ya kusaga aliachiwa na marehemu mumewe, akajifunza mwenyewe kubadilisha mikanda na nyundo zake, hadi mafundi wakawa wanakuja kumuuliza yeye. Usimwone na vumbi la unga usoni ukadhani ni mtu wa kuchezewa.

Kisha ikaja sheria mpya ya soko la umeme. Bei ikawa inabadilika kila saa, ikifuata mtambo wa ghali kuliko mitambo yote iliyowashwa saa hiyo. Mchana mitambo ya jua inatosha, bei inashuka. Jua likizama inawashwa ya dizeli, na umeme wote, hata wa maporomoko ya maji, unauzwa kwa bei ya dizeli. Na wateja wake walikuja jioni, wakitoka kazini. Kaka yake akamwambia mbio za sakafuni huishia ukingoni, auze mashine mapema.

Hakuuza. Aliwatangazia wateja walete mahindi asubuhi, asage saa sita, wachukue unga jioni kwa bei ileile ya zamani. Wakaguna. Tangu lini mtu akaacha mahindi yake mashineni? Desturi ilikuwa kusimama pale, macho kodo, mpaka uone unga wako mwenyewe ukishuka, maana mahindi safi yakiachwa huweza kurudi pumba za mwingine. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili vilevile. Ilimuuma sana: miaka yote hiyo hajampunja mtu hata kibaba, leo anaogopwa kama mwizi.

Siku ya tatu akaja wifi yake, ambaye tangu harusi hawakuwahi kupikika naye chungu kimoja. Akatua gunia mlangoni, akageuka aondoke.

“Wifi, husubiri uone likisagwa?”

“Wewe nimekusema mengi,” wifi akajibu kwa sauti, majirani wasikie. “Lakini unga wako sijawahi kuusema.”

Kufika saa nne magunia yalikuwa yamejipanga ukutani, kila moja na alama ya mwenyewe. Saa sita kamili Mama Mashine akafungua milango yote miwili, akawasha. Alijivunia kazi yake siku hiyo, na alikuwa na haki. Alisaga mpaka saa tisa, gunia baada ya gunia, na hakuna hata mmoja aliyesimama kumchunga.