Mtama Uliochanua Peke Yake

Sikudhani alizaliwa wakati mama yake ameshakata tamaa ya kupata mtoto mwingine, na jina alilopewa lilisema hivyo hivyo. Alikulia Busi, kwenye vilima vya Kondoa, akaolewa Busi, na wala hakuwahi kutamani kwenda kwingine. Mume wake, Hashimu, alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo ulio juu ya bonde. Kabla kijiji hakijachangia kipaza sauti, watu wa ng'ambo ya korongo walifuturu kwa kumsikiliza yeye. Nje ya adhana na dua alikuwa mkimya. Maneno aliyoyatumia kwa siku nzima yangeweza kutosha kwenye kiganja.

Alipofika kwa mumewe, mama mkwe alimkabidhi kihenge cha mbegu. Ulikuwa mtama mrefu, ule ambao mtu akiingia shambani humwoni tena mpaka atokee upande wa pili. Mabua yake yalijenga uzio, yakaezeka banda la mbuzi, na yaliyobaki yakawa kuni. Tena mtama huo ulikuwa na tabia yake: uupande mapema, uupande umechelewa, wote ulichanua wakati mmoja, mvua zikiwa zinaaga. Mama mkwe alisema ni mtama wenye adabu, hautoi uso nje mpaka mvua ipite, ndiyo maana masuke yake hayaozi. Unyevu uliobaki ardhini ulitosha kuzijaza punje. Kwa mtama huo Sikudhani na Hashimu walikula, wakazika watoto wawili wachanga, wakamkuza mmoja aliyebaki, Mwanaidi, na wakamsomesha hadi akawa bibi shamba huko Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa.

Kisha mvua zikabadilika. Zikawa zinakuja Januari, watu wameshachoka kutazama mawingu, na Machi haijaisha zinakatika kama uzi. Mtama mrefu uliota vizuri, ukawa kijani, ukangoja wakati wake. Ulipochanua, ardhi ilikuwa imeshapasuka. Mwaka wa kwanza masuke yalitoka membamba. Mwaka wa pili Sikudhani aliyapura, akasimama uani na ungo wake akapepeta, na karibu kila kitu kikaondoka na upepo. Akabaki ameushika ungo mkononi, hajui kama aendelee au aache.

Mwanaidi alipokuja likizo alikuta nyumba inakula unga wa mahindi wa dukani, tena kwa kupimiana. Aliingia shambani na baba yake, akavunja suke moja, akalisugua kwenye viganja, akalipuliza. Hakikubaki kitu.

"Mama, huu mtama haufuati mvua," alisema jioni hiyo, wamekaa barazani wote watatu. "Unafuata usiku. Usiku ukirefuka ukafika kiasi chake, ndipo unachanua. Zamani usiku na mvua vilikwenda pamoja, kwa hiyo bibi aliona kama mtama unaijua mvua. Sasa mvua imehama. Usiku haujahama."

"Kwa hiyo mtama unakosea?" Sikudhani aliuliza.

"Haukosei, mama. Umeachwa tu."

Akafungua mfuko wa mbegu aliokuja nao. Ulikuwa mtama mfupi, wa kufika kifuani. Huo, alisema, hauna habari na usiku. Ukitimiza umri wake unachanua, na umri wake ni mdogo, kwa hiyo mvua haitauacha njiani. Hashimu alizichota punje chache akazitazama kwa muda mrefu.

"Na wenzetu watapanda nini?" aliuliza.

"Wenzetu watapanda wakishaona wetu," Mwanaidi alijibu. "Watu huamini kwa macho, baba."

Hashimu akazirudisha punje mfukoni. "Basi tuweke nusu kwa nusu. Nusu huu, nusu wa mama."

Sikudhani alikuwa na njaa ya miaka miwili, na njaa haina heshima. "Nusu ya nini?" alisema. "Miaka miwili tumelala na tumbo tupu kwa ajili ya adabu za mtama wa mama yako. Shamba zima, Baba Mwanaidi. Shamba zima."

Lilikuwa neno zito, na alilijua lilipokuwa bado mdomoni. Msimu ulipofika Hashimu alilima, akapanda mtama mfupi shamba zima, mistari imenyooka kama safu za swala.

Na mwanzoni Sikudhani alidhani Mungu amemjibu. Machi, mvua ikiwa ingali inanyesha, masuke yalianza kutoka. Aliingia katikati ya shamba akatoka na vumbi la manjano kwenye kanga yake, akalionyesha kwa mumewe akicheka kama msichana. Bonde zima lilikuwa majani tu. Mtama mrefu wa majirani ulisimama kijani, haujui kitu. Abdulrahim, jirani waliyepakana naye mpaka mmoja, alisimama kwenye mpaka huo, mikono kiunoni.

"Shemeji, huu wako unakimbilia wapi?"

"Unakimbilia chunguni," Sikudhani alimjibu, wakacheka.

Punje zilipoanza kuingia maziwa, kwelea walikuja.

Si kwamba kwelea walikuwa wageni. Walikuja kila mwaka, na kila mwaka walitawanyika bonde zima, huku wakila kidogo, kule kidogo, na kila mwenye shamba akipoteza kiasi cha kustahimilika. Safari hii bonde lilikuwa na shamba moja tu lenye punje. Walishuka juu yake kama wingu, wakikurupushwa wanazunguka mara moja na kutua palepale, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutua. Mashina yaliinama kwa uzito wao. Sikudhani aliwarushia mawe kwa kombeo mpaka bega likamvimba.

Hashimu alijenga dungu katikati ya shamba, akapanda juu yake. Kifua chake hakikuwa kizima tangu zamani, na Sikudhani alimwambia aache, yeye ataamia ndege peke yake.

"Sauti ni yangu," Hashimu alisema. "Wewe piga debe."

Akaanza kupiga kelele alfajiri baada ya swala, akapiga kelele mpaka magharibi. Sauti iliyokuwa ikivuka korongo kuita watu sasa ilivuka korongo kufukuza ndege. Kwelea walikuwa wakiruka, wakirudi. Mvua za mwisho zilimkuta juu ya dungu bila paa, naye hakushuka. Ijumaa aliposimama msikitini kuadhini, kilichotoka kilikuwa mkwaruzo kama wa mlango mbovu. Watu walitazamana. Kijana wa madrasa akachukua nafasi yake, na Hashimu akaswali safu ya nyuma, kisha akarudi shambani na debe.

Kikafuata kikohozi, kisha homa. Sikudhani alimshika mguu chini ya dungu akamsihi.

"Shuka, Baba Mwanaidi. Waache wale. Nakuomba."

"Nikishuka watamaliza," alisema kwa sauti ya pumzi tu.

Alishuka siku miguu ilipokataa kumbeba. Abdulrahim alimshikilia kwenye pikipiki mpaka Kondoa, Sikudhani akifuata kwenye pikipiki nyingine. Hospitalini walisema ni nimonia, na kwamba mapafu yote mawili yameshikwa. Walimwekea dripu na hewa. Manesi walifanya walichoweza, na Sikudhani aliwaona wakifanya.

Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akingoja. Hakuwa akingoja kupona tu. Alikuwa akingoja mumewe amwambie. Alilitaka neno hilo kama mtu anavyotaka jipu lipasuliwe. Hashimu alipofumbua macho mchana mmoja, akashindwa kujizuia.

"Sema tu," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Kwamba nilikosea. Kwamba uliomba nusu, nikakukatalia."

Hashimu alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka. Akanyoosha kidole kuelekea chini ya kitanda, ilipokuwa chupa.

"Kunywa maji," alinong'ona. "Hujanywa tangu asubuhi."

Hakusema kingine cha maana baada ya hapo. Alifariki kabla ya Mwanaidi kufika kutoka Kibakwe.

Walimzika Busi, jirani na mama yake. Sikudhani akaingia eda, akawa ndani, na kupitia dirishani aliwasikia kwelea shambani siku hadi siku bila mtu wa kuwafukuza, mpaka kelele zao zikapungua kwa sababu chakula kilikuwa kimepungua. Mwanaidi na wanawake wa jirani walikwenda kuvuna mabaki. Yalikuwa masuke ya kingo, na yale mafupi yaliyojificha chini ya mengine. Mwanaidi aliingia chumbani na kikapu, akapiga magoti mbele ya mama yake, akiwa na uso wa mtu anayetafuta cha kufariji.

"Angalia, mama. Yaliyobaki ni mazuri. Yamejaa."

"Yamejaa nini?" Sikudhani aliuliza. "Baba yako?"

Mwanaidi alikiweka kikapu chini polepole, kana kwamba kina yai ndani. Kesho yake alipanda gari kurudi kazini. Tangu hapo alipiga simu kila Ijumaa, akasema shikamoo mama, akauliza hali, akatuma hela ya sukari, akakata. Kila mara Sikudhani alikusudia kusema jambo, na kila mara simu ilikatika akiwa bado analipanga.

Mwaka huohuo mtama mrefu wa majirani ulichanua kwa wakati wake, juu ya udongo mkavu, na bonde zima likavuna makapi. Zile punje za kikapuni zikawa ndizo punje nzima pekee zilizotoka upande ule. Habari hiyo haikuhitaji mtu wa kuitangaza.

Eda ilipokwisha, Abdulrahim alikuja na wazee wawili wa jirani. Walivua viatu, wakaketi kwenye mkeka barazani, wakauliza hali, wakamrehemu marehemu, wakatazama miguu yao.

"Shemeji," Abdulrahim alisema mwishowe, "tumekuja kuomba mbegu, sisi na wenzetu wa bonde waliotutuma."

Kwa kitambo kifupi Sikudhani aliionja ladha ya kukataa, na ilikuwa tamu.

"Mlikuwa wapi?" aliuliza.

"Tulikuwa kwenye palizi, shemeji. Hatukujua kama mambo yamefika pale."

"Mlimsikia. Alipiga kelele bonde zima kuanzia alfajiri. Mtu aliyewaita kwenye swala miaka yote, msingemsikia?"

Mmoja wa wazee alitaka kusema kitu, Abdulrahim akamgusa goti.

"Tulimsikia," alisema.

Sikudhani aliinuka akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, wakamsikia akilia bila kujificha, na hakuna aliyethubutu kuondoka. Alipotoka alikuwa na kile kikapu kichwani. Alikiweka katikati ya mkeka.

"Mtagawana," alisema, "lakini mnisikie. Mbegu hizi ninyi nyote mtazipanda, na mimi nitazipanda, mvua ileile ya kwanza. Hakuna wa kusema atangoja aone ya mwenzake. Shamba likichanua peke yake anayeliwa ni mtu. Asiyetaka aseme sasa, asichukue hata punje."

Walichota kwa bakuli, kila mtu kidogo, na yeye akabakiwa na kidogo kama wao. Mbegu hazikutosha mashamba mazima, kwa hiyo kila mmoja alipanda kipande, na kando yake akapanda mtama mrefu wa zamani, kwa kuwa hakuna aliyejua mvua ya mwaka ule itaamua nini.

Mvua ilikatika mapema kama ilivyozoea. Lakini Machi vipande vyote vya mtama mfupi vilichanua pamoja, pande zote mbili za korongo. Kwelea walikuja, wakajigawa. Madebe yalilia kila kona, wanawake wakaitana kutoka shamba hadi shamba, wengine wakiimba. Kila mtu alipoteza kiasi, hakuna aliyepoteza vyote. Sikudhani aliamia kipande chake peke yake kwa siku za mwanzo. Kisha asubuhi moja alimkuta Mwanaidi amesimama kwenye mpaka na begi lake begani. Hakuwa ameitwa. Alimwamkia mama yake, akaweka begi chini, akachukua debe.

Walifanya kazi hivyo mpaka mavuno, wakizungumza habari za masuke, za mboga, za mbuzi aliyevunjika mguu. Lile neno la chumbani halikuguswa. Usiku walilala kitanda kimoja kama zamani Mwanaidi alipokuwa mdogo, na kila mmoja alijua mwenzake hajalala.

Unga wa kwanza Sikudhani aliutoa kwa hitima ya Hashimu. Bonde lote lilikuja. Kisomo kilikwenda vizuri, na baada ya dua watu walikula ugali wa mtama na nyama ya mbuzi, wakasifu unga kwa weupe wake na kwa kushikana kwake. Wanawake waliokaa jikoni walianza kusimuliana vituko vya kwelea, nani alianguka kwenye dungu, nani alirusha jiwe likampata ng'ombe wa Abdulrahim. Wakacheka, kicheko cha watu walioshiba baada ya muda mrefu, wala hapakuwa na ubaya ndani yake.

Sikudhani aliweka mwiko juu ya chungu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mwanaidi alimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta, kanga imemfunika uso, mabega yakitetemeka. Akasimama kando yake bila kumgusa. Ndani, mtu aliita akiuliza chumvi iko wapi.

"Nenda ukawape," Sikudhani alisema ndani ya kanga. "Nakuja."

Mwanaidi hakwenda.