Aliyeambiwa Kabla Yangu

Harufu ya embe bivu ilinijia chumbani kwa binti yangu mwezi wa sita, wakati ambapo hapa Mtwara hakuna embe hata la kuchovya chumvi. Nilimuuliza. Alinijibu kwamba ni mafuta ya mdomo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, msimamizi wa klabu ya afya, ninayewaonyesha wanafunzi picha za mapafu yaliyoharibiwa na tumbaku. Hata hivyo nilimwamini, kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi.

Wiki mbili baadaye nilipita Likombe kumpelekea unga kungwi wake, mwanamke niliyemchagua mwenyewe amfunde alipovunja ungo. Anakaanga mihogo barazani kwake, hakumaliza darasa la saba, na kwa miaka yote niliyomfahamu hakukosa ugoro chini ya mdomo. Nilimkuta binti yangu ameketi kwenye mkeka wake, na sare za shule yetu mwilini, akimenya mihogo. Kati yao palikuwa na kopo la ugoro lililo wazi, na juu ya ugoro ule wa kahawia kilikuwa kimelala kidude cha waridi, mfano wa flashi ya kompyuta. Nilikitambua. Ilikuwa vepu, sigara ya kielektroniki yenye harufu ileile ya embe, ya aina niliyoichora ubaoni.

"Mwalimu kafika," kungwi alisema bila kuinuka. "Leo siku ya nne. Usituchokoze, tuna hasira sote wawili."

"Siku ya nne ya nini?"

"Ya kuacha. Vimekaa humo vyote, tunaviangalia tu. Nilimwambia, mjukuu wangu, mimi nataka kuacha tangu mama yako hajaolewa, nimeshindwa. Njoo tushindwe pamoja."

"Bibi jana alilamba kifuniko," binti yangu alisema.

"Nililamba, ndiyo. Na wewe ulimtukana mbuzi wa watu."

Walicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumbani kwangu. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilimwonea wivu mwanamke yule, nikauonea wivu hata ugoro wake, kwa kuwa ulimpa kitu cha kuacha bega kwa bega na mwanangu. Mimi nilikuwa na picha tu.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza binti yangu.

"Ungenisimamisha mstarini, Mama."

Alisema kweli. Mwaka uliotangulia nilimsimamisha mstarini binti wa jirani yetu, akaikabidhi pakiti yake ya sigara mbele ya shule nzima, na tangu siku hiyo hanisalimii.

Mkono wangu ulikuwa tayari umeelekea kwenye kidude kile koponi.

"Kichukue," kungwi alisema. "Kesho atapata kingine, na safari hiyo hata mimi hataniambia."

Nikaurudisha mkono. Binti yangu alikuwa amesimamisha kisu, akisubiri kujua kesho nitasema nini shuleni. Nilimwambia kwamba sitasema kitu. Hakunitazama mimi, alimtazama kungwi, na kungwi alipoitikia kwa kichwa, ndipo aliponisogezea nafasi kwenye mkeka.