Aliyekufa Aseme Jina Lake

Jumanne, tarehe 8 Julai 2025. Usiku sakitu ilikuwa imeanguka, na asubuhi majani ya viazi katika vinyungu, yale mashamba ya bondeni ya Njombe, yalikuwa meupe kana kwamba mtu kapita akiyanyunyizia chokaa. Ukungu haukuondoka mpaka jua lilipopanda vizuri. Upepo haukuwapo.

Hosiana alikuwa jikoni akiota moto aliposikia kikohozi uani. Akajua ni Odilo kabla hajabisha hodi.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Pita, ufunge mlango. Baridi usije nayo ndani."

Odilo akaketi kwenye kigoda, akavua kofia ya sufu na kuipakata. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kikundi cha filamu chenye kamera moja, waigizaji waliokuwa wakulima na mafundi, na watazamaji waliotawanyika kutoka Njombe mpaka Makete. Alikuwa rafiki wa mume wa Hosiana tangu ujana wao, ndiyo maana alimwita shemeji.

"Nimekuja na maneno yale yale," akasema.

"Basi chukua jibu lile lile, urudi nalo."

"Angalau nisikilize kwanza ndipo unifukuze! Kesho Anthony anauawa kwa panga, pale kwenye shamba la parachichi. Jumamosi tulijaribu bila wewe. Damu waliipika wenyewe, wakatia sukari. Nyuki wakamfukuza marehemu mpaka barabarani."

Hosiana hakutaka kucheka, lakini alicheka.

"Na panga?"

"Wamechonga la mbao. Zito. Nimekataa lisitumike."

"Umefanya vizuri," Hosiana akasema, akasukuma kuni ndani ya mafiga.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa yake. Hakusomea popote, alianza kwa kushona mashati ya waigizaji, akaishia kuwa mtu wa kuhakikisha kwamba wanapigana bila kuumizana. Mapanga aliyakata kwenye sponji ya godoro kuukuu, akayapaka rangi ya fedha. Magunia ya maranda aliyaomba kwenye viwanda vya mbao, akayafunika kwa nyasi mahali pa kuangukia, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kujiangusha juu yake. Ngumi aliwafundisha kuipitisha mbele ya pua, mbali na ngozi, kamera ikiwa nyuma ya bega la mpigaji, na anayepigwa ageuze uso kwa wakati wake. Damu ilikuwa uji mwepesi wa mahindi, rangi nyekundu ya chakula na kahawa kidogo ya kuutia weusi. Kwa baridi ya Njombe uji huganda upesi, kwa hiyo aliubeba katika chupa ya chai. Mchungaji aliyewahi kuja kuwasalimu shambani alijimiminia kikombe kizima, akakitazama, akakirudisha mezani bila neno.

Lakini kilichomfanya Hosiana ajulikane ni sheria yake. Siku za mwanzo Masumbuko, aliyeigiza jambazi, aliangukia jiwe, bega likateguka. Alilia kwa maumivu, na wenzake wakamsifu kwamba siku hiyo ameigiza kweli kweli. Walikuja kumwinua mvua ilipoanza. Tangu hapo Hosiana akaweka neno: mtu akifa, kamera isizimwe. Aliyekufa aamke, aseme jina lake mwenyewe, jina la nyumbani, na aseme kwamba ni mzima. Akishindwa kusema, wote wamkimbilie.

"Mnataka afe, afe," alikuwa akiwaambia. "Ila mnirudishie mtu niliyewapa."

Na mtu aliyekufa mara nyingi kuliko wote alikuwa Elius, mumewe. Elius Mlowe, mkulima wa viazi, mpole asiyeweza kuchinja kuku, alikuwa na uso wa jambazi, na majambazi katika filamu za Odilo hawakufika mwisho wakiwa hai. Sokoni walimtania: "We Elius, juzi si tumekuzika? Leo unapunguziwa bei ya mbolea?" Naye angejibu, "Wafu ndio tunaopaswa kupunguziwa."

Mwaka juzi, wakati wa masika, aliugua kweli. Walimpeleka hospitali ya Ikonda, akatibiwa, akakaa wodini wiki kadhaa, na siku waliyomrudisha hakuna aliyemwambia Hosiana asubiri aamke.

Tangu siku hiyo hakwenda tena kwenye kazi ya Odilo. Watu walidhani ni uchungu tu, au ni haya ya mjane kuonekana anacheza na damu. Lilikuwapo jambo lingine ambalo hakuwa amemwambia mtu. Picha za Elius za karatasi alikuwa nazo. Sauti yake hakuwa nayo. Nyumbani walitumia simu moja, hivyo hawakuwahi kutumiana ujumbe wa sauti. Kila alipotamani kumsikia, kilichokuwapo ni zile filamu. Na humo Elius alinguruma kwa sauti ya jambazi, akachomwa, akaanguka, akafa. Akiacha, usingizi hauji. Akirudi kutazama, anamwona akifa tena.

Asubuhi hiyo, moto ukimwangaza usoni, aliamua kulisema.

"Shemeji Odilo, vile vipande vya mwisho. Pale anapoamka, anasema jina lake. Vipo?"

Odilo aliigeuza kofia mapajani. Kisha akasema polepole, "Vilirekodiwa vyote. Sheria yako hatukuivunja hata siku moja. Ila anayeunganisha picha ni Jofrey, kule Makambako. Sijui kama anaviweka."

"Nataka kimoja tu. Nimsikie akisema ni mzima. Kikiwapo, kesho nitakuja."

"Na kisipokuwapo?"

"Utakuwa umekunywa chai yangu bure."

Mchana Hosiana alikuwa Lyamkena, mtaa wa Makambako, ameshika kitenge kwa mikono miwili kwa sababu upepo wa huko haumheshimu mtu. Jofrey alifanya kazi katika chumba nyuma ya duka la pembejeo, na chumba chote kilinuka dawa ya viazi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi.

"Shikamoo, mama. Karibu. Odilo amenipigia." Akamwekea kiti, akakipangusa, halafu akabaki amesimama. "Mama, niseme ukweli kabla hujakaa. Picha zikiingia, mimi hukata mwisho kwanza. Mtu akishakufa, kinachobaki nakifuta. Nafasi ni ndogo."

"Vyote?"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Sikujua."

"Ungejuaje," Hosiana akasema, akaketi.

Jofrey akatoa diski ya zamani kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akaichomeka. Wakaanza kutazama. Elius alichomwa kisu kando ya mto, akaanguka. Kope zikacheza, na picha ikakatika. Elius alipigwa rungu mlangoni kwa mganga, akaanguka. Mdomo ukaanza kufunguka, ikakatika. Katika kila kipande Hosiana alijikuta ameinama mbele, kana kwamba akiwahi ataishika picha isiondoke. Jofrey naye alianza kuogopa kubonyeza.

"Tuache, mama?"

"Hapana."

Karibu na mwisho wa diski kulikuwa na faili lisilo na jina. Jofrey akakuna kichwa. "Hili sikuligusa. Nadhani ni la kazi iliyoharibika. Zilizoharibika sikuwa nikizikata, kwa sababu hazitumiki."

Akalifungua.

Lilikuwa shamba lile lile la parachichi, asubuhi ya kipupwe kama hii, nyasi zikimeta. Elius alipigwa panga la sponji, akajishika shingo, uji mwekundu ukapita vidoleni, akaangukia magunia chali, uso juani. Kimya kikapita. Kisha, waziwazi, akakoroma.

Nje ya picha watu wakaangua kicheko. Sauti ya Odilo ikasikika: "Jamani, marehemu kalala! Mmeniharibia kazi!" Na sauti ya mwanamke, kali, ya karibu: "Baba Eveline! Amka, useme jina lako!"

Hosiana aliisikia sauti yake mwenyewe na hakuitambua mara moja. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye haraka, asiyejua kwamba kuna kitu cha kuchelewesha.

Elius hakufumbua macho. Mkono wenye damu ukapanda, ukakaa kifuani kwa starehe.

"Niache kidogo, mama Eveline," akasema. Ilikuwa sauti yake ya nyumbani, ile ya kuomba maji ya kunawa. "Usiku kucha nimetetemeka. Hapa pana jua tamu."

"Sema jina kwanza!"

"Nitasema. Ngoja ki—"

Picha ikasimama.

"Kadi ilijaa," Jofrey akasema kwa sauti ndogo. "Ndipo ilipoishia, mama. Hakuna zaidi."

Hosiana aliendelea kuitazama picha iliyosimama. Nje upepo ulikuwa ukipiga bati la duka. Alikuwa amekuja kutafuta neno moja, na neno lenyewe ndilo lililokosekana; Elius alikuwa anakuja nalo, kadi ikamkatiza. Lakini kama ilibidi Elius aseme kitu kimoja tu kwa miaka yote iliyobaki, labda yeye mwenyewe angechagua hicho, habari ya jua tamu. Hakulijua hilo kwa hakika. Alichojua ni kwamba ile sauti yake kali ilimkera, na kwamba angetoa chochote arudi pale shambani anyamaze, amwache mtu wake alale.

"Rudia," akasema.

Jofrey akarudia. Akarudia tena, na hakumuuliza mpaka lini. Mwishowe akamwekea kipande kile kwenye simu, akamwonyesha pa kubonyeza.

"Mwambie Odilo asubuhi nakuja," Hosiana akasema akijifunga kitenge. "Na lile panga la mbao walipasue, wapikie."

Asubuhi, Jumatano, aliamka akachemsha uji, akautia rangi na kahawa, akaumimina kwenye chupa ya chai. Shambani alijiangusha kwanza kwenye magunia, akatoa kijiwe kilichokuwa chini ya nyasi, akajiangusha tena. Akamfungia Anthony kifuko cha damu chini ya ukosi. Anthony alikuwa fundi uashi mwenye watoto wawili, na alitetemeka kwa baridi mpaka uji wa moto ulipomgusa ngozi, akasema, "Afadhali hii damu kuliko koti langu."

Akafa vizuri, mara ya kwanza tu. Alianguka chali, mahali ambapo jua lilikuwa limeshafika. Kamera iliendelea. Wote wakageuka kumtazama Hosiana, wakisubiri aite.

Hakuita.

"Shemeji," Odilo akanong'ona, "mbona humwamshi?"

"Anapumua, namwona. Mwache aote jua kidogo."

Alisimama hivyo, macho kwenye kifua cha Anthony kilichopanda na kushuka, mpaka umande wa kwenye nyasi karibu na sikio lake ukakauka. Ndipo akaita, taratibu, na Anthony akaketi, akasema jina lake na kwamba ni mzima.

"Hicho kipande Jofrey asikikate," Hosiana akasema, akachukua kitambaa na maji ya uvuguvugu, akaenda kumfuta shingo kabla uji haujaganda.