Ua Aliokula Madoa

Mtaani walimwita Makasi, naye aliitika kama vile ndilo jina alilozaliwa nalo. Kazi yake ilikuwa kupunguza nyua za watu, zile za mimea zinazozunguka nyumba badala ya ukuta. Akipita na mkasi wake mrefu, ua ulibaki umenyooka kama kitanda kilichotandikwa. Matawi yaliyoanguka aliyafagia yote, akayafunga mzigo kwa kamba, na kabla ya kutoka getini aligeuka kuangalia kama kuna jani lililomponyoka.

Aliishi kwa dada yake mkubwa, mjane, ambaye riziki yake yote ilitoka kwa ng'ombe mmoja. Walimwita Madoa, maana alikuwa mweupe mwenye mabaka meusi. Maziwa ya Madoa ndiyo yaliyolipa kodi na kununua unga. Makasi alichangia akipata, na asipopata alichangia maneno.

Kiangazi kilipokaza na nyasi zikakauka, Makasi aliona haya kutupa mizigo yake jalalani wakati Madoa analamba hori tupu. Akaanza kumletea. Madoa alinusa, akachambua kwa ulimi, akala nyasi zilizofagiwa humo na kuacha matawi ya ule mmea wa nyua, kichaka chenye maua madogo ya manjano na machungwa, ambacho wengine hukiita mvuti.

"Dada, ng'ombe wako anadeka," alisema Makasi.

"Na wewe ungekula kila unachowekewa?"

"Mbona nakula upikacho?"

Ila hakuweza kuvumilia kuona mabaki horini. Alikaa chini na panga, akakatakata nyasi na mvuti pamoja, vipande vidogo kama tumbaku, akanyunyizia maji ya chumvi na kuchanganya. Safari hii hori lilibaki safi. Makasi akaenda zake akipiga mluzi.

Siku chache baadaye Madoa alisusa chakula. Choo kikawa kigumu, maziwa yakakatika. Kisha ngozi ikavimba na kupasuka, puani na mgongoni. Dada akaamua kwamba ni upele, na upele dawa yake jua. Akampaka mafuta, akamfunga uwanjani tangu asubuhi. Kadiri alivyomwanika, ndivyo ngozi ilivyozidi kubanduka.

Jirani yao muuza nyama alikuja kuegemea nguzo ya banda.

"Mama, sikuombei mabaya. Lakini huyu ukimchelewesha, hata mimi sitamtaka."

"Toka hapa, kunguru wewe!"

Hakutoka. Bado alikuwepo alipofika daktari wa mifugo, mwanamke mpole aliyevaa buti za mpira. Daktari alifunua jicho la Madoa. Lilikuwa la manjano. Akapitisha mkono mgongoni polepole.

"Hebu tazameni. Palipo peusi hapana kidonda hata kimoja. Ni peupe tu. Jua ndilo linalomchoma. Amekula nini?"

"Ua," alijibu Makasi.

"Ua gani?"

"Ua wa watu."

Muuza nyama akadakia, "Yeye anasema ua, na mimi nasema ua! Tunangoja nini?"

Alicheka peke yake.

Daktari akaeleza kwamba sumu ya mvuti huumiza ini, na ini likishindwa kazi, uchafu uliopaswa kutoka mwilini hubaki kwenye damu. Mwanga ukiufikia chini ya ngozi nyeupe, ngozi huungua. Nyeusi hujikinga. "Ninachoshangaa ni kwamba mvuti una harufu kali. Ng'ombe mwenye nyasi hata kidogo huuacha. Huyu aliulaje?"

Makasi akatazama mikono yake. "Nilimkatia. Vidogo, ili asichague."

Dada akamgeuzia mgongo, akaendelea kumpapasa Madoa. Makasi angependelea atukanwe.

Daktari akamnywesha Madoa unga wa mkaa wa dawa uliokorogwa kwa maji, akaagiza asiguswe na jua kabisa. Banda lilikuwa paa na nguzo tu. Chumba pekee cha kutiwa giza kilikuwa cha Makasi. Akatoa kitanda chake, akaziba dirisha kwa blanketi, akamwingiza mgonjwa. Yeye akahamia bandani.

"Ng'ombe kapanga, mwenye chumba kahamia zizini!" Muuza nyama alilitangaza hilo mtaa mzima.

Makasi aliosha vidonda, akazoa mavi, akabeba maji. Humo gizani aliuwaza ule ulimi wa Madoa uliochambua. Ulikuwa umejua. Yeye aliuita kudeka, kisha akatumia ustadi wake wote kuunyima nafasi ya kukataa. Dada alipohitaji kitu alimwambia ng'ombe: "Madoa, mwambie mwenzako ndoo imekauka."

Hatimaye ngozi mpya ikaanza kufunga, nyembamba na ya waridi. Asubuhi moja Madoa alinyoosha shingo, akala nyasi mkononi mwa dada. Makasi akakimbia kuleta konzi yake, nyasi ndefu, nzima, zisizoguswa na panga. Madoa akanusa, akageuzia uso ukutani.

"Dada, amenikataa."

"Mpe muda," dada alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimtazama usoni. "Hata mimi bado."

Makasi akaziweka nyasi chini, akachukua ndoo akaenda kuteka maji.